Mwana, Baba na Babu: Mwongozo Kamili wa Kupanga Mzunguko wa Kanda za Bakapu kwa Ofisi ya Mwanza

Mhasibu mkuu aliingia ofisini kwangu asubuhi, hata dirisha sijalifungua. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Nataka daftari la wateja lilivyokuwa tarehe 30 Juni, kabla hatujaunganisha zile akaunti." Tulikuwa Oktoba. Kabatini nilikuwa na kanda tano za bakapu, yaani tepu za sumaku zinazobeba nakala za akiba za data: Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi na Ijumaa. Kila wiki zilizunguka bila kukosa hata siku moja, na kila wiki zilifuta zilichokuwa nacho. Kumbukumbu ya zamani kuliko zote niliyoweza kumpa ilikuwa ya siku saba nyuma.

Ofisi hiyo, hapa hapa Mwanza, ilikuwa na mzunguko mzuri wa kanda. Haikuwa na muda wa kutunza. Hayo ni mambo mawili tofauti. Mzunguko ni kanda gani inaingia leo kwenye draivu, ile mashine ya kuandika na kusoma kanda. Muda wa kutunza ni kanda gani hairuhusiwi kuguswa, na mpaka lini. Mpango unaoanza na mzunguko hukuachia pengo ambalo hulioni mpaka siku mtu atakapokuja kuomba. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na yule mama mlangoni, kisha unarudi nyuma mpaka kwenye kanda.

Hatua ya 1: Andika siku utakazoombwa

Kabla ya kununua chochote, chukua daftari uzunguke idara. Usiwaulize watu wanataka bakapu ya namna gani, maana hawajui na si kazi yao kujua. Waulize: "Mara ya mwisho ulipohitaji kitu cha zamani, kilikuwa cha lini?" Mtu wa mauzo atakuambia faili la juzi alilolifuta kwa bahati mbaya. Mhasibu atasema mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwaka wa fedha. Mtu wa ubora kwenye kiwanda cha sangara atasema anaulizwa na mnunuzi wa nje kuhusu shehena iliyoondoka miezi minane iliyopita: ilipokelewa wapi, kwa joto gani, kutoka boti gani.

Halafu angalia sheria. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5. Upande wa pili kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ambayo haitaki taarifa za watu zikae kuliko zinavyohitajika. Kwa hiyo "tutunze kila kitu milele" si jibu salama. Kila aina ya data inahitaji tarehe ya kuanza na tarehe ya kufa, na tarehe hizo zisainiwe na mkurugenzi, si na wewe. Siku kukitokea swali, usiwe peke yako uliyeamua.

Andika karatasi moja tu: aina ya data, mwenye data, nirudi nyuma kiasi gani kwa siku, kwa wiki, kwa mwezi, kwa mwaka. Kila hatua inayofuata inatoka kwenye karatasi hiyo.

Hatua ya 2: Pima data na pima usiku

Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho. Tuseme ni kampuni ya kununua na kusindika samaki, wilaya ya Ilemela, yenye seva mbili. Hifadhidata ya uhasibu na mapokezi ni gigabaiti 400, mafaili ya ofisi ni terabaiti 2.2, na mashine pepe (kompyuta za kiprogramu zinazoishi ndani ya seva) ni terabaiti 1. Jumla terabaiti 3.6. Video za kamera za ulinzi zimeachwa nje kwa makusudi: zina mfumo wake, na zingemeza kanda zote.

Wakubwa watakuuliza kwa nini usipeleke vyote kwenye intaneti. Piga hesabu mbele yao. Terabaiti 3.6 kwenye laini ya megabiti 20 kwa sekunde, bila kukatika hata dakika moja, ni zaidi ya siku 16. Na siku seva ikifa, kuzishusha tena kwa laini hiyo hiyo ni siku nyingine 16. Intaneti inafaa kwa mabadiliko madogo ya kila siku. Kwa mzigo mzima bado kanda ina kazi yake.

Sasa pima usiku wako. Mtandao wa ndani wa gigabiti 1 hukupa, kwa uhalisia, kama megabaiti 110 kwa sekunde. Terabaiti 3.6 kwa mwendo huo ni saa 9 na dakika 5. Ukianza saa 1 jioni unamaliza kama saa 10 alfajiri, na saa hiyo hiyo mizani ya mapokezi inaanza kuandika kwa sababu boti zimeshatia nanga. Leo inatosha kwa tabu. Data ikikua asilimia 20 mwakani, utafika terabaiti 4.32 na saa karibu 11. Haitoshi tena.

Kuna tatizo la pili lililojificha humo. Draivu ya LTO-7 (LTO ni aina ya kanda, namba ni kizazi chake) huandika mpaka megabaiti 300 kwa sekunde, na LTO-8 mpaka 360. Draivu inaweza kupunguza mwendo ili ifuatane na data inayokuja, lakini kupunguza huko kuna kikomo. Data ikija polepole kuliko kikomo hicho, draivu husimama, hurudisha kanda nyuma, husubiri, huanza tena. Utaisikia: inavuta na kurudi, inavuta na kurudi, kama fundi anayepiga kiatu rangi. Hapo unachosha kanda na kichwa cha draivu, na kazi inachelewa mara mbili.

Dawa ya matatizo yote mawili ni moja, na ndiyo ninayoipendekeza kwa kila ofisi ya mikoa hii ya ziwa: weka kituo cha katikati. Usiku seva zinamwaga data kwenye diski za seva ya bakapu. Asubuhi, mtu akiwepo, seva ya bakapu inamwaga kutoka diski kwenda kwenye kanda kwa kasi kamili. Terabaiti 3.6 kwa megabaiti 300 ni saa 3 na dakika 20. Diski moja ya kuzunguka haitafikia kasi hiyo, kwa hiyo zipange kadhaa zifanye kazi pamoja, au tumia diski za elektroniki.

Usiku wetu ni sababu nyingine ya kuandika kanda asubuhi. Radi za Ziwa Victoria hukusanyika zaidi usiku kuelekea alfajiri, hasa misimu ya mvua, na ndipo umeme unapokatika. Diski iliyokatikiwa kazi unaianzisha upya na hasara ni ndogo. Kanda iliyokatikiwa katikati ya kuandika ni kazi nzima ya kurudia, na mara nyingine ni kanda ya kutilia shaka.

Hatua ya 3: Chagua kizazi cha kanda

LTO-6 inabeba terabaiti 2.5, LTO-7 terabaiti 6, LTO-8 terabaiti 12, LTO-9 terabaiti 18. Namba kubwa zaidi iliyoandikwa kwenye boksi ni ya data iliyobanwa, kwa makisio ya kubana mara 2.5. Usiipangie. Picha, PDF na hifadhidata ambazo tayari zimebanwa hazipungui tena. Panga kwa namba ndogo, na kikipungua chochote hesabu ni baraka.

Kwa mfano wetu LTO-7 inatosha leo, lakini fuata ukuaji: 3.6, mwakani 4.32, mwaka wa pili 5.18, mwaka wa tatu 6.22. Mwaka wa tatu bakapu kamili haiingii kwenye kanda moja. Ikiwa bajeti inaruhusu, nunua LTO-8. Usinunue draivu kwa kuangalia data ya leo.

Kingine cha kujua kabla ya kulipa ni kwamba vizazi mpaka LTO-7 vilisoma vizazi viwili nyuma. LTO-8 na LTO-9 husoma kizazi kimoja tu nyuma. Draivu ya LTO-8 haisomi kanda ya LTO-6. Kama una kanda za mwaka za LTO-6 kabatini, draivu mpya haikusaidii kuzisoma hata kidogo.

Hatua ya 4: Kamili, ya nyongeza, au ya tofauti

Bakapu kamili inachukua kila kitu. Ya nyongeza inachukua yaliyobadilika tangu bakapu iliyotangulia, iwe ya aina yoyote. Ya tofauti inachukua yaliyobadilika tangu bakapu kamili ya mwisho.

Kwenye diski ya nyongeza ni nzuri. Kwenye kanda naikataa. Kurejesha hali ya Alhamisi kwa mtindo wa nyongeza kunahitaji kanda ya Ijumaa, Jumatatu, Jumanne, Jumatano na Alhamisi, zote tano zikiwa nzima. Ya Jumanne ikigoma, mnyororo umekatika hapo. Kwa mtindo wa tofauti unahitaji mbili tu: ya Ijumaa na ya Alhamisi. Gharama yake ni kwamba inanenepa kila siku. Kama mabadiliko ni gigabaiti 90 kwa siku, Alhamisi utaandika kama 360. Kwa kanda ya terabaiti 6 hilo si neno.

Na hifadhidata inayofanya kazi hainakiliwi kama faili la barua. Ukiinakili wakati inaandikwa, unapata nusu ya muamala huku na nusu kule. Itoe kwanza kwa zana yake yenyewe iwe faili moja lililofungwa, ndipo faili hilo liende kwenye bakapu.

Hatua ya 5: Mzunguko wenyewe

Mtindo unaotumika zaidi duniani una majina ambayo sisi hatuhitaji kufafanuliwa: mwana, baba, babu. Mwana ni kanda ya siku, baba ni ya wiki, babu ni ya mwezi. Juu yao yuko wa mwaka, ambaye hazunguki. Kanda zote ziitwe kwa siku ya data iliyomo, si kwa siku zilipoandikwa. Data ya Jumatatu usiku, hata ikiandikwa Jumanne asubuhi, ni kanda ya Jumatatu.

Wana: Jumatatu mpaka Alhamisi, bakapu ya tofauti, seti mbili. Seti A wiki hii, seti B wiki ijayo. Jumla kanda 8. Wengi huweka seti moja ya kanda 4 ili kuokoa fedha. Maana yake Jumanne asubuhi unaingiza kanda ya Jumatatu na kuifuta wakati huo huo unapoandika mpya. Draivu ikifa katikati ya kazi hiyo, Jumatatu mbili zimepotea, ya zamani na mpya. Kwa seti mbili, wiki iliyopita imelala nzima wakati wiki hii inaandikwa.

Baba: bakapu kamili ya Ijumaa usiku, inayoandikwa kwenye kanda Jumamosi asubuhi. Kanda 4, zikifuatana 1, 2, 3, 4, kisha 1 tena. Ukianza kuandika saa 3 asubuhi, unamaliza saa 6 na dakika 20 mchana. Kisha iache draivu isome kanda yote kuhakiki, na saa 9 na dakika 40 alasiri umefunga ofisi. Jumamosi hiyo ndiyo gharama ya kibinadamu ya mpango huu. Iwekwe kwenye zamu na ilipwe.

Babu: hapa ndipo mipango mingi ya vitabuni haikidhi. Inasema kanda ya mwezi ni Ijumaa ya mwisho ya mwezi. Lakini mwezi haufungwi Ijumaa. Kama 30 Juni ni Jumatatu, kanda ya Ijumaa ya tarehe 27 haina siku tatu za mwisho, na hizo ndizo siku ankara zote zinapoingia. Fanya hivi: usiku wa siku ya mwisho ya mwezi, toa hifadhidata ya uhasibu iwe faili moja lenye tarehe kwenye jina lake, ulihifadhi kwenye kituo cha katikati. Ijumaa ya kwanza ya mwezi unaofuata, kanda kamili ya siku hiyo ibebe faili hilo pia. Kanda hiyo inaitwa "Juni" ingawa imeandikwa Julai, na haiingii kwenye mzunguko wa baba. Mama mhasibu akija Oktoba, 30 Juni yake ipo, kamili. Kanda 12, na kila moja inarudi kutumika baada ya mwaka.

Wa mwaka: andika kanda mbili zenye kitu kile kile, kila moja ikae mahali pake. Na usiandike mara moja. Ukifunga mwaka 31 Desemba, bado wakaguzi watarekebisha miamala mpaka miezi kadhaa baadaye. Desemba isiyorekebishwa haitalingana na hesabu zilizowasilishwa. Kwa hiyo kanda ya Desemba ibaki kwenye foleni ya miezi kama kawaida, na zile mbili za mwaka ziandikwe siku hesabu zilizokaguliwa zinaposainiwa. Kwa hizi mbili inafaa kununua kanda za kuandika mara moja tu, ambazo hata programu ikikosea haiwezi kuzifuta.

Jumla ya mwaka wa kwanza: 8, 4, 12 na 2, ni 26. Ongeza 2 za akiba na moja ya kusafishia draivu. Kila mwaka unaofuata nunua 2 za mwaka, pamoja na za kuziba pengo la zilizochoka.

Waambie wakubwa wazi kile mpango huu usichoweza. Faili lililozaliwa Jumatatu likafutwa Alhamisi halitakuwepo popote baada ya wiki mbili. Kadiri unavyorudi nyuma, matundu ya wavu yanapanuka. Kama kuna data isiyovumilia hilo, kwa mfano vipimo vya ubora vya kila shehena, ipewe njia yake: iongezwe kwenye kila kanda ya baba kama faili linalokua bila kufutwa.

Kuna mtindo mwingine, Mnara wa Hanoi, unaofika mbali kwa kanda chache kwa kuzipanga kwa vipindi vinavyojirudia maradufu. Kihesabu ni mzuri. Lakini kijana wa zamu hawezi kujua kwa kuangalia kalenda ukutani leo ni zamu ya kanda gani, na mpango wa bakapu hufa kwa mkanganyiko mapema kuliko unavyokufa kwa ubovu wa mashine.

Hatua ya 6: Ifundishe programu muda wa kutunza

Karatasi yako haina nguvu mpaka programu ya bakapu iijue. Gawa kanda kwenye makundi manne ndani ya programu, na kila kundi lipewe muda ambao kanda zake haziguswi.

Hapa kuna mtego uliowanasa wengi. Kanda ya mwana inarudi baada ya siku 14, kwa hiyo mtu anaweka siku 14. Wiki ya kwanza kanda ilimaliza kuandikwa saa 4 na nusu asubuhi. Wiki mbili baadaye kazi inaanza saa 3, siku 14 hazijatimia, programu inakataa na kusubiri kanda nyingine. Weka siku 12. Kwa baba, anayerudi mapema kabisa baada ya wiki 5 kwa kuwa Ijumaa ya kwanza ya mwezi ni ya babu, weka siku 33. Kwa babu siku 350. Kwa wa mwaka, muda ulioko kwenye karatasi iliyosainiwa, na usiwe chini ya miaka 5 kwa kumbukumbu za kodi.

Kanuni isiyovunjwa: baba asifutwe kabla ya wanawe. Bakapu ya tofauti bila ile kamili iliyoizaa ni karatasi zisizo na jalada. Angalia namba zako: muda wa baba lazima uzidi wa mwana, siku zote.

Programu nyingi zina zaidi ya muda mmoja wa kutunza ndani. Programu ya bakapu iitwayo Bacula, kwa mfano, ina muda wa majina ya mafaili kwenye katalogi (orodha ya kilichomo kwenye kila kanda), muda wa kumbukumbu za kazi, na muda wa kanda yenyewe. Ukiacha majina yafutike baada ya miezi miwili huku kanda inatunzwa mwaka, data ipo lakini huwezi kuchagua faili moja. Utalazimika kuirejesha kazi nzima au kuisoma kanda upya kujenga orodha. Linganisha nyakati hizo. Na katalogi yenyewe iandikwe kwenye kanda kila siku, kazi ya mwisho kabisa.

Hatua ya 7: Lebo na rejista

Lebo ya LTO yenye mistari ina herufi nane: sita ni zako, mbili za mwisho ni kizazi. MZA001L7, MZA002L7, na kuendelea. Usiandike "Jumatatu" kwenye lebo, maana kanda hubadilishwa kazi. Kazi ionyeshwe kwa rangi: wana nyeupe, baba bluu, babu njano, wa mwaka nyekundu. Rejista ya karatasi iwepo pamoja na ya kompyuta: namba, tarehe, nani ametoa, nani amebeba, nani amepokea. Siku seva imekufa, rejista ya kompyuta imekufa nayo.

Hatua ya 8: Itoke nje ya jengo

Kanda iliyobaki kwenye draivu usiku si bakapu unayoweza kuitegemea. Wahalifu wanaofunga data na kudai fedha hutafuta bakapu kwanza, na draivu yenye kanda ndani inafikika kwa waya kama diski nyingine. Kanda iliyotolewa haina waya. Itoe ikimaliza kuandikwa, kila siku. Na seva ya bakapu iwe na nywila yake, isiyofanana na ya mfumo mwingine wowote.

Kisha chagua mahali pa mbali. Wana wakae jengoni, kwenye kasiki inayostahimili moto, lakini chumba kingine na si karibu na seva. Kumbuka kwamba kasiki nyingi zimetengenezwa kulinda karatasi. Karatasi huvumilia joto ambalo linaharibu kanda, kwa hiyo ulizia iliyothibitishwa kwa vyombo vya data.

Baba na babu watoke mjini. Usichague tawi lililoko mtaa wa pili. Mto Mirongo ukifurika unapita katikati ya mji, na mwaka 2020 maji ya ziwa yalipanda kiasi cha kuingia majengo ya ufukweni. Chagua juu, na mbali: Misungwi, Magu, Sengerema, popote mlipo na ofisi yenye mlango unaofungwa. Kwa Sengerema mambo yamerahisika. Zamani bahasha ya kanda ilisubiri kivuko Kigongo pamoja na gari, juani. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025, gari linapita moja kwa moja mpaka Busisi.

Joto la gari ndilo adui wa safari. Kikomo cha kusafirishia kanda ni karibu nyuzi 49, na gari lililofungwa kwenye jua la mchana hupita hapo. Tumia boksi gumu lenye sponji, liwekwe kwenye kiti chini ya kivuli, si kwenye dashibodi, na lisifungwe nyuma ya bodaboda. Safari iwe ya asubuhi. Anayekwenda na kanda ya wiki hii arudi na ile ambayo zamu yake imefika. Kanda iliyofika ikae kwenye chumba cha draivu siku nzima, saa 24, kabla ya kuingizwa, ili joto na unyevu wake vilingane na vya chumba.

Hatua ya 9: Chumba, unyevu na wadudu

Kwa kutunza muda mrefu, kanda inapenda nyuzi 16 mpaka 25 na unyevu wa asilimia 20 mpaka 50. Kando ya ziwa joto si tatizo kubwa, unyevu ndio tatizo. Kipima unyevu ni cha bei ndogo. Kiwepo kabatini, kisomwe kila Jumamosi, kiandikwe. Kiyoyozi hukausha hewa kinapokuwa kinafanya kazi, lakini ofisi nyingi hukizima mwisho wa wiki. Chumba cha kanda kisizimwe.

Wale wadudu wadogo wa ziwani wanaoinuka majini kama moshi hufuata taa na kuingia kila upenyo. Feni ya seva ya bakapu huwavuta ndani, na mabaki yao huwa vumbi. Weka wavu mwembamba kwenye matundu ya hewa ya chumba, usiache taa usiku, na zuia sakafu isifagiliwe kwa mfagio mkavu. Kanda ya kusafishia itumike draivu inapoomba, si kila wiki: ina mikwaruzo yake, na idadi yake ni kama mara 50 tu. Yupiesi (betri inayoshika umeme ukikatika) ibebe seva ya bakapu, draivu na swichi ya mtandao kwa pamoja. Nimeona iliyobeba seva peke yake.

Hatua ya 10: Funga data, tunza ufunguo

Kanda inayosafiri barabarani ifungwe kwa usimbaji, yaani data igeuzwe isisomeke bila ufunguo. Draivu za LTO tangu LTO-4 hufanya hivyo zenyewe bila kupunguza kasi. Ugumu uko kwenye ufunguo. Ufunguo uliohifadhiwa kwenye seva ile ile inayolindwa utaungua nayo, na utabaki na kanda nzima zisizosomeka na mtu yeyote duniani. Chapisha ufunguo, weka bahasha mbili zilizofungwa kwa lakiri, moja kwenye kasiki ya mkurugenzi, nyingine nje ya mji, lakini si kwenye boksi moja na kanda. Ukibadilisha ufunguo, wa zamani usitupwe mpaka kanda ya mwisho iliyofungwa nao imekufa.

Hatua ya 11: Rejesha kabla hujalazimika

Mahali pengine nilipofanya kazi, ripoti ya bakapu ilikuja kila asubuhi ikisema imefaulu. Siku tulipohitaji hifadhidata, kanda ilisomeka vizuri kabisa, na ikatupa faili lililobadilishwa mara ya mwisho miezi minane nyuma. Hifadhidata ilikuwa imehamishiwa diski mpya, na orodha ya bakapu ikaendelea kunakili folda ya zamani. Kila usiku, kwa uaminifu, kitu kisichobadilika. Programu haikudanganya. Iliulizwa kama imenakili, ikasema ndiyo. Watu wawili walikaa wiki tatu wakiingiza stakabadhi upya kwa mkono, na mimi nilikaa nao.

Kwa hiyo: kila mwezi chagua faili moja, achague mhasibu na si wewe, lirejeshe kutoka kwenye kanda iliyorudi kutoka nje ya mji, alifungue mwenyewe, asaini. Kila robo mwaka rejesha hifadhidata nzima kwenye mashine ya pembeni na ulinganishe salio la siku moja na ripoti iliyochapishwa siku hiyo. Mara moja kwa mwaka simamisha seva nzima kwenye mashine tupu, ukiwa na kanda, bahasha ya ufunguo na rejista ya karatasi tu. Pima muda kwa saa. Namba hiyo ndiyo utakayompa mkurugenzi akiuliza tutarudi kazini lini.

Na kila seva inapoongezwa, inapohamishwa au inapobadilishwa jina, fomu ya mabadiliko iwe na mstari mmoja: orodha ya bakapu imerekebishwa na nani.

Hatua ya 12: Kustaafisha kanda na kuzihamisha

Wana wanachoka kwanza. Mimi nazibadilisha baada ya miaka miwili, au mapema draivu ikianza kuripoti makosa ya kusoma yanayoongezeka. Kanda ya mwana iliyochoka isipandishwe cheo kuwa ya mwaka. Ya mwaka iwe mpya siku zote.

Kanda iliyotunzwa vizuri inaweza kukaa miaka 30, lakini draivu ya kuisoma haikai hivyo. Kila unaponunua draivu ya kizazi kipya, nakili kanda za mwaka kwenye kizazi hicho wakati draivu ya zamani bado inafanya kazi, hakiki, ndipo uiondoe.

Mtu akiomba taarifa zake zifutwe, huwezi kutoboa kanda na kutoa jina moja. Futa kwenye mfumo unaofanya kazi, na uandike namba ya rekodi hiyo kwenye orodha ya vilivyofutwa. Kila unaporejesha kanda ya zamani, orodha hiyo ipitishwe kabla mfumo haujafunguliwa kwa watumiaji.

Kanda ya mwaka ikitimiza muda wake, usiirudishe kwenye mzunguko na usiiache kwenye droo. Ipitishwe kwenye mashine ya sumaku kali. Sumaku hiyo inafuta pia alama za mwongozo zilizowekwa kiwandani, kwa hiyo hakuna draivu itakayoweza kuiandika wala kuisoma tena. Kama mashine hiyo haipatikani, fungua kasha, toa utepe wote na uukate vipande vipande mbele ya shahidi. Kisha fungua rejista ukurasa wa kanda hiyo, uandike tarehe, njia iliyotumika, na saini mbili.